Uvimbe wa Sifa

Kwetu Uthiru, pembezoni mwa Nairobi, ng'ombe akivimba tezi watu husema ni ndigana kabla hata hawajamshika. Mara nyingi huwa hawajakosea, maana kupe wanaoileta ni wengi, na ndigana kali imemaliza ng'ombe wengi wa maziwa. Kwa hiyo Sifa, ng'ombe Friesian wa mama ambaye maziwa yake yalitulipia karo, alipotokwa na mafundo mbele ya mabega, alidungwa dawa ya ndigana, kisha akadungwa tena. Dawa yenyewe ni ghali. Mafundo yakazidi kukua na maziwa yakapungua.

Daktari wa mifugo aliyekuja baadaye alianza na kipimajoto. "Mama, huyu hana homa," alisema. "Ndigana ya kuvimbisha tezi hivi ingekuwa inamchoma mwili." Akaushika mkono wangu, akaupeleka ubavuni, mbele kidogo ya kiwele. Chini ya ngozi palikuwa na fundo gumu linaloteleza vidoleni, na nilipolibonyeza Sifa hakushtuka, aliendelea kucheua. Daktari akavaa glavu ndefu, akampima kwa nyuma, akakaa kimya muda mrefu. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Sisi tulidhani amejigonga kwenye boriti za zizi.

Damu ikapelekwa maabara Kabete, na jibu likaja: leukemia ya virusi ya ng'ombe, yaani saratani ya damu inayoletwa na virusi. Mama aliuliza dawa yake ni ipi.

"Haipo, Mama. Wala chanjo hatuna."

Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1969 huko Wisconsin, Marekani. Huingia ndani ya chembe nyeupe za damu na havitoki tena maisha yote ya mnyama. Kinachoniuma hadi leo ni ukimya wake. Katika kila ng'ombe 100 walioambukizwa, chini ya 5 ndio hupata uvimbe wa saratani kama Sifa. Karibu 30 chembe zao nyeupe huongezeka bila dalili ya nje. Waliobaki unawaona wazima kabisa, wanakula, wanakamuliwa, huku kinga yao ikidhoofika polepole na damu yao ikiweza kuambukiza wenzao.

Sifa alichinjwa kwenye machinjio ya Dagoretti, na mkaguzi akaikataa nyama yote. Nilisimama pale walipompasua. Upande wa kulia wa moyo ulikuwa umevamiwa na kitu cheupe kilichopauka, mfano wa mafuta ya kondoo yaliyoganda, na ukuta wa tumbo la nne ulikuwa umenenepa vivyo hivyo. Hapo nilielewa kwa nini alikuwa akihema akipanda kale kamwinuko ka kwenda kwenye hori.

Tulipima waliobaki, na wawili walikuwa na virusi hivyo. Virusi hivi husafiri hasa kwa damu, na tone dogo sana linatosha: kifaa cha kukatia pembe, glavu yenye damu, sindano. Ndama pia anaweza kuvipata tumboni mwa mama yake au kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Siwezi kuthibitisha jinsi vilivyoingia kwetu. Lakini nakumbuka vizuri watu wa chanjo waliokuwa wakipita boma hadi boma na sindano moja, wakiipangusa kwenye ovaroli kati ya ng'ombe na ng'ombe. Hasira hiyo sijaiacha, kwa sababu sindano ni kitu cha shilingi chache na ng'ombe ni nyumba nzima.

Uingereza ilijisafisha kwa kupima na kuchinja walioambukizwa, ikatambuliwa kuwa haina ugonjwa huo mwaka 1999. Mama hangeweza kuchinja wawili kwa mpigo. Aliwatenga kwenye banda la pili, na maziwa tukaendelea kuyachemsha kama siku zote, kwani moto huviua virusi hivyo. Ndama wa Sifa alisubiri kupimwa hadi apite miezi 6, maana kabla ya hapo kinga ya dang'a inaweza kuleta jibu la kupotosha. Alikuwa safi. Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze.

Watu wa chanjo waliporudi, walikuta lango limefungwa na mama amesimama na pakiti ya sindano alizonunua mwenyewe.

"Karibuni," aliwaambia. "Lakini hapa kila ng'ombe na yake."

Walibishana kidogo. Mmoja akanyoosha mkono akaipokea pakiti, na mama akafungua.