Morogoro mpaka Njombe kwa baiskeli, na nimeshastaafu

Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka 60 kamili, na tangu kiinua mgongo kitoke hakuna mtu mtaani kwetu ambaye hajawahi kuwa mshauri wangu. Mwalimu fuga kuku. Mwalimu nunua bodaboda umpe kijana awe anakuletea hesabu. Sasa niliposema nataka kwenda Njombe kumwona dada yangu, na naenda kwa baiskeli, washauri wote wakageuka madaktari, mara magoti, mara presha, mmoja akaniambia kabisa eti kwa umri wangu kiti cha baiskeli kinaharibu mambo ya ndani. Nikamjibu mambo ya ndani aniachie mimi na mama watoto.

Baiskeli ni Phoenix yangu ileile niliyokuwa naendea shule, breki za vyuma, haina gia hata moja. Kijana wangu wa Dar akanipigia simu, baba hiyo haifai, nunua ya gia, nunua na hema, na jiko dogo la gesi, na akanitumia video za wazungu waliobeba nyumba nzima kwenye baiskeli. Ya gia sikununua, bei niliyoambiwa ningepata mbuzi kadhaa. Ila kwenye mizigo nikamsikiliza, na hapo ndipo nilipokosea.

Safari ya kwanza niliondoka nimefunga kwenye keria hema la kuazima, blanketi, sufuria, ndoo ndogo, begi la nguo, na juu yake mchele kilo 20 niliomwahidi dada, maana huwezi kutoka Morogoro ukaenda mikono mitupu. Majirani walitoka kuniaga, mwingine akanipiga picha. Nikapita Msamvu kifua mbele, kengele napiga hata pasipo na mtu. Kufika maeneo ya Sangasanga, njia panda ya Mzumbe, yaani hata kilomita 25 sijamaliza, nikasikia kitu kinalia ting, kidogo tena ting, nikajifanya sijasikia. Ya tatu ilipolia tairi la nyuma likaanza kucheza kama limelewa. Spoku tatu zimekatika. Fundi wa pale akaangalia baiskeli, akaangalia mzigo, akaniangalia mimi, akauliza, "Shikamoo mzee, unahama?"

Kurudi sasa. Nilikaa kwa huyo fundi mpaka giza likaingia, si kwamba spoku zilichukua muda, ni aibu ya wale walionipiga picha asubuhi. Niliingia mtaani saa mbili usiku nakokota, taa nimezima, na bado mbwa wa jirani akanitangaza. Mama watoto alifungua mlango akasema tu, "Njombe hawajambo?"

Basi wiki mbili baadaye nikaondoka tena saa kumi na moja alfajiri bila kuaga mtu. Nguo pea mbili, sweta, koti la mvua, pampu, viraka na solusheni, tyubu moja ya akiba na spoku sita. Basi. Kulala ni gesti, kula ni kwa mama ntilie, kila mji wa barabara kuu una vyote viwili, hilo hema lingekuwa la kulala nani? Na kiti nilikitengeneza mwenyewe, nilikata kipande cha godoro la sponji, nikakivika mpira wa tyubu kuukuu nikaukaza kwa kamba. Kinachekesha kukiangalia lakini mpaka leo makalio yangu hayajalalamika.

Mbuga ya Mikumi sikuiendesha, naomba nisidanganye hapa. Barabara inakatiza hifadhi kama kilomita 50 na mle hakuna mtu wa kukuokoa, mimi si kichaa. Nilipatana na fuso iliyobeba mabati, utingo alitaka elfu kumi tukamalizana kwa elfu tano, baiskeli juu na mimi juu. Nilimwona tembo amesimama kama anasubiri kuvuka, nikawaza ningekuwa peke yangu pale na kengele yangu.

Baada ya hapo ni kuteremka na kupanda, joto la Ruaha Mbuyuni, mibuyu pande zote na vitunguu vimepangwa barabarani, sina la kusema zaidi ya kwamba kunywa maji na uyaweke chumvi kidogo, soda zinakudanganya.

Mlima wa Kitonga ndio kila mtu alinitishia. Vijana pale chini wananiambia mzee shika nyuma ya lori likuvute, wao ndivyo wanavyofanya. Huo ushauri ni wa kuzikwa nao. Mimi niliukumbuka ujanja wa wauza mkaa wa kwetu Morogoro, wale wanaosukuma magunia mawili na hawapindi mgongo. Unafunga fimbo imara nyuma ya kiti, imesimama wima mpaka usawa wa kifua, mkono wa kushoto unashika usukani, wa kulia unasukuma ile fimbo. Unatembea umenyooka kama unakwenda kanisani! Mtu akisukuma kwa kuinamia kiti, kiuno kinakwisha kona ya pili. Nilianza kulipopambazuka tu kabla malori hayajawa mengi, likija natoka kabisa nje ya lami nasimama. Kama masaa matatu hivi, au manne, nilikula miwa katikati. Nilipotokea juu hewa ikabadilika papo hapo, nikamkuta dereva mmoja aliyenipita kule chini anapoza injini. Nikampungia kwa heshima zote.

Iringa nililala siku mbili. Mafinga baridi, misonobari. Makambako upepo ulinisukuma ubavuni mpaka nikashuka nikatembea kwenye tambarare, mimi niliyeishinda Kitonga.

Siku ya kumi nikaingia Njombe. Jumla kama kilomita 480 ukiitoa ile mbuga, pancha nne, na pesa sikuandika vizuri ila laki na nusu haikufika, nyingi gesti.

Dada yangu ana miaka 70. Nilimkuta anamenya viazi nje, nikasimama, nikapiga kengele, nikamwambia shikamoo dada. Akainuka taratibu, akanizunguka mimi na baiskeli mpaka nyuma kwenye keria.

"Marahaba mdogo wangu. Mchele uko wapi?"

Ulifuata kwa basi, elfu saba za mzigo.