Prof na maji ya bamvua

Prof hakupenda sherehe za kupanda miti. Ukimtajia hema, fulana zilizochapishwa na mgeni rasmi anayepigwa picha ameshika mche, alikunja uso kama aliyeonja shubiri. Nimemkumbuka sana wiki hii kwa sababu kazini nimeletewa mpango wa kupanda mikoko kwenye ufuo mmoja wa huku Pwani. Kabla hata ya kuangalia bajeti, nilianza kutafuta ukurasa unaoeleza maji hufika wapi wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kutoka kupita kiasi, na wakati wa maji mafu, inapojaa na kutoka kidogo tu. Haupo. Nikacheka peke yangu, maana najua angewauliza nini: hapo palikuwa na mikoko? Kama ilikuwepo, imeenda wapi? Na kama haikuwahi kuwepo, nyinyi mmejua nini ambacho mikoko yenyewe haikukijua?

Alikuwa profesa wetu wa masomo ya mazingira, na mimi alinisimamia tasnifu. Tulimzika mwaka jana. Watu walisema mengi mazuri pale, yote ya kweli, ila hakuna aliyemtaja akiwa topeni, na kwangu mimi ndiko alikokuwa mwenyewe hasa. Leso kiunoni, raba zimefungwa kamba hadi kifundoni zisinywewe na tope, daftari ndani ya mfuko wa nailoni.

Darasa nisilolisahau alitufundishia Mwache, ule mkono wa bahari nyuma ya Mombasa. Alitusimamisha kwenye uwanda wa vigogo vikavu, akauliza ni nani aliyeiua mikoko ile. Tukajibu kwa sauti moja: wakataji. Akatuambia twende tukatafute alama ya panga. Tulizunguka juani tukarudi mikono mitupu. Miti ilikuwa imefia wima. Akachimba kwa mkono, taratibu, hadi mizizi ya kupumulia ikaonekana imefukiwa chini kabisa. Ilikuwa mvua ya El Niño ya 1997 na 1998. Mto ulibeba udongo wa mashamba ya juu ukaja kuumwaga hapo, na mizizi ikakosa hewa. "Sasa mkipanda hapa bila kwenda kule juu kuzungumza na wakulima," alisema, "mnapanda kuni."

Kupima maji alitufundisha kwa chupa za soda. Unafunga chupa tupu kwenye mti mrefu, moja juu ya nyingine, midomo juu, unausimika topeni maji yakiwa yamekupwa. Bahari ikijaa na kutoka, unarudi kutazama chupa ipi imejaa na ipi ni kavu. Ukirudia bamvua hadi maji mafu, unaanza kuelewa kwa nini kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana umesimama mbele kabisa ukitazamana na mawimbi, ile aina iitwayo mkoko hasa imejipanga kando ya mifereji, mkandaa uko nyuma yao, na mchu unaota mbele na nyuma pia kama mtu mwenye nyumba mbili. Kila mti una kiasi chake cha maji. Wapandaji wengi huchukua aina hiyo ya mkoko tu kwa sababu mbegu yake ni rahisi: ndefu, ya kijani, inachomekwa topeni bila hata kitalu. Halafu wanaichomeka mahali pa mlilana, au juu ya nyasi bahari, na miezi michache baadaye hakuna kitu. Picha zimeshapigwa lakini.

Hata hiyo mbegu alitaka tuikague kabla ya kuichuma. Pale inapokutana na tunda lake hutokea pete ya manjano. Pete isipoonekana, bado haijakomaa, iache mtini. Alikuwa akipita nyuma yetu akichungulia vikapu, na mwenye mbegu changa alisikia habari yake.

Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, alitupeleka kwa mzee mkata boriti kabla hatujafungua sheria yoyote ya misitu. Alimpa shikamoo, akaketi mkekani, akanyamaza kabisa (jambo adimu kwake). Mzee akatupangia kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Akatueleza majahazi yaliyopakia boriti kwenda Arabuni, hadi serikali ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti. Njiani kurudi Prof alisema kila mmoja wetu aandike anachofikiri mzee yule atakula iwapo ukataji utafungwa kabisa. Nilikasirika, nilitaka kupumzika. Leo siwezi kusoma andiko la mradi bila kulitafuta jibu hilo.

Hakuwa mtu rahisi. Gari lake lilifuata jedwali la maji, si saa ya mwanafunzi, na waliochelewa waliachwa stendi. Ujumbe wa simu alijibu akipenda. Nadhani pia aliwaonea baadhi ya wafadhili, maana wapo waliokuja kwa nia safi wakafukuzwa na ulimi wake.

Gazi, kijiji cha pwani ya kusini, ndiko alikolegea. Mikoko ya pale ilikatwa sana miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na kazi ya kuirudisha ilianza mapema miaka ya 1990, kwa kupima kwanza. Baadaye wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanzisha mradi wa Mikoko Pamoja, na tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, kutoka hekta 117, pesa zikaenda kwenye maji ya bomba na shule. Alikuwa na maswali yake kuhusu biashara hiyo ya hewa, bei ikipangwa mbali na Gazi. Lakini aliwaheshimu kina mama wa pale kuliko maprofesa wenzake, na hakulificha hilo mbele ya maprofesa hao.

Binti yake ametugawia daftari zake sisi tuliosimamiwa naye. Ni vipimo vya maji, vituo vilevile, miaka na miaka, na sehemu kubwa hakuwahi kuichapisha. Tumekubaliana kila mtu aingize zake kwenye kompyuta, halafu tuziunganishe na tuziweke mahali mwanafunzi yeyote anaweza kuzichukua. Mimi nimepewa za Mwache. Nimefika kurasa za mwanzo tu na tayari kuna tarakimu siwezi kuamua kama ni moja au saba. Mwandiko wa Prof ulikuwa balaa.