Siku moja na klachi ya kigari cha golfu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua gereji yangu hapa Ukunda. Kinachonisubiri ni kile kigari cha golfu, Club Car DS, kinachopeleka wageni kutoka barabarani hadi ufukweni. Injini yake ya Kawasaki imekwisha, moshi wa buluu mtupu, na mama mwenye nyumba za kupangisha ameshanunua ya Kichina aina ya 188F, ya cc 389, hizi tunazoziona kila siku kwenye pampu za maji. Kupata injini si shida. Shida ni klachi.

Vigari hivi vinakwenda kwa puli mbili na mkanda. Puli moja inakaa kwenye shafti ya injini, na hiyo ndiyo klachi. Ya pili iko kwenye giaboksi ya nyuma. Injini ikipandisha mizunguko, vyuma vizito ndani ya klachi vinatanuka na kusukuma shavu moja la puli libane mkanda. Mwendo ukiongezeka, mkanda unapanda juu ya puli, na hapo ndipo gia inapobadilika yenyewe.

Saa mbili, chai na mahamri. Klachi ya zamani nimeshaiweka kando: tundu lake ni la koni, na shafti ya injini mpya imenyooka. Kijana wangu anakuja na klachi ndogo ya viatu, yaani vipande vya ndani vinavyotanuka na kushika ngoma inayovizunguka, ya kupachika moja kwa moja.

"Fundi, hii inaingia bila taabu."

"Kuingia inaingia, mwanangu. Kuvuta je?"

Mwaka jana niliifunga ya namna hiyo kwenye kigari kingine, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na haraka nami nikakubali. Siku ya pili, watu wanne mlimani, ikatoa moshi na ngoma yake ikageuka rangi ya buluu. Klachi ya viatu inashika au inaachia, basi, haibadilishi gia. Kigari na watu wanne kinapita nusu tani. Lile kosa lilikuwa langu, na silirudii.

Saa nne mzigo unafika: klachi ya mkanda, tundu lililonyooka la milimita 25.4, yaani inchi moja. Naivisha kwenye shafti. Inaingia kwa ulaini ambao sikuupenda. Naishika kwa vidole viwili, naitikisa, inacheza. Nachukua vania, kile kipimio cha unene: shafti ni 25.0.

Kijana anasema tuzungushie kipande cha bati la kopo. Namwonyesha puli ya zamani ya pampu iliyofungwa hivyo, ndani ina unga mwekundu kama kahawa iliyosagwa. Huo ni chuma kinachojisaga kwa mtikisiko. Pengo la 0.4 halionekani kwa macho, lakini kwa mizunguko 3,600 kwa dakika linakula kii, kile kipande cha chuma kinachofunga klachi na shafti zizunguke pamoja, kisha shafti yenyewe.

Basi naazima pikapu ya jirani, navuka feri ya Likoni na kurudisha injini dukani Mombasa. Maboksi yote yanafanana. Napima moja baada ya nyingine na muuzaji ananisubiri kwa subira. Ya tatu ndiyo inasoma 25.4. Saa tisa niko gereji tena.

Klachi safari hii inakaa kimya kwenye shafti. Nafuta mafuta yote kwa kitambaa kikavu, girisi haigusi mashavu ya puli kamwe, na kwa rula ndefu ya chuma nahakikisha puli zote mbili zimekaa mstari mmoja.

Saa kumi na moja tunawasha. Injini iko sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, mizunguko 1,400, na kigari kinatambaa chenyewe! Kuweka rivasi, giaboksi inasaga meno. Hili ndilo wengi hawalifikirii wanaponunua klachi. Injini ya asili inazimika ukiinua mguu kwenye pedali, kwa hiyo klachi yake haina haja ya kungoja. Hii yetu inaendelea kunguruma kigari kikiwa kimesimama, na klachi lazima iachie kabisa hapo. Nguvu za farasi za injini kila mtu anauliza. Mzunguko ambao klachi inaanza kushika, hakuna anayeuliza.

Nafungua klachi, natoa springi laini, naweka ngumu iliyokuja kwenye boksi. Sasa inashika karibu na 1,800. Rivasi inaingia bila kelele.

Magharibi tunapanda mlima wa kutoka ufukweni, watu wanne. Nasimamisha katikati, naanza mwendo upya, kigari kinaondoka taratibu. Juu nafungua kifuniko na kunusa mkanda. Hauna harufu ya kuungua.

"Shikamoo fundi, kimepona?" anauliza mama.

"Marahaba. Kimepona, ila kesho asubuhi nakuja kukaza boliti ya klachi. Ikishapata moto mara moja, huwa inalegea kidogo."