Ukinywa, meza

Kwa karibu mwaka mzima niliruka kidonge cha PrEP, dawa ya kujikinga na virusi vya UKIMWI, kila siku niliyokunywa pombe. Haikuwa uzembe. Nyumbani tulilelewa kuamini kwamba dawa na pombe havikai tumbo moja, hata Panadol mlevi alinyimwa. Basi Ijumaa, nikijua jioni kuna waragi, dawa naiacha kwenye chupa. Na usiku wa waragi ndio huohuo ninaolala na mwanaume. Nilikuwa nafunga mwavuli mvua inapoanza.

Naishi Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, naziba panchari za malori. Mimi ni kuchu, mwanaume anayependa wanaume. Ninaokutana nao wengi ni madereva na utingo wao, Waswahili wa njia hii ya Mombasa hadi Kongo, na foleni ikiwa ndefu mtu hulala hapa siku mbili tatu. Tangu sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, yenye kifungo cha maisha, woga umezidi, na dawa ya woga iliyo karibu ni waragi. Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe bila glasi tatu sikuweza kumtazama mwenzangu machoni.

Jumapili moja ya 2024 niliamka gesti, sikumbuki kama kondomu ilitumika. Nilikuwa na siku tano sijameza. Nilijua kuna dawa ya dharura, PEP, inayotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo heri. Jumatatu alfajiri nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya. Sista, mama mtu mzima, hakuniuliza nililala na nani. Aliuliza kwa nini niliacha PrEP.

“Nilikuwa nakunywa, sista.”

Akaweka kalamu chini. “Mwanangu, pombe haiharibu dawa hii. Inaharibu kumbukumbu yako. Ukinywa, meza. Ukilewa, meza. Umenisikia?”

Nilikaribia kulia. Pale nilipoanzishiwa PrEP nilielezwa habari za figo, kichefuchefu na kupima kila miezi mitatu. Pombe haikutajwa, na mimi niliogopa kuitaja.

Nilimaliza siku 28 za PEP, nikapimwa, sina virusi, nikarudi kwenye PrEP. Kwanza nilihamisha saa. Kengele ya simu ya saa tatu usiku ilikuwa inanikuta nimeshalewa, kwa hiyo sasa nameza asubuhi. Chupa naificha ndani ya kopo la majani ya chai, nikichota majani mkono unaigusa. Ilikuwa inalia kama njuga, na inafanana sana na chupa za ARV, jirani akiisikia keshakupa ugonjwa. Nikasokomeza pamba juu ya vidonge, ila kile kipakiti cha kukausha unyevu nikakiacha humo.

Kuacha pombe nimejaribu mara mbili nikashindwa. Nimepunguza. Nakula posho, yaani ugali, kwanza, na rafiki yangu na mimi tunapokezana: mmoja akinywa, mwingine ni wa soda, naye ndiye mwenye kondomu na vilainishi mfukoni.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada na kituo tulichozoea kikafunga mlango. Nilibaki na vidonge 17. Sista, akijua sina homa ya ini B, alinifundisha njia nyingine kwa wanaume: viwili saa 2 hadi 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile vya kwanza, kingine saa 24 tena baadaye. Nikahesabu: mara nne, na kimoja cha akiba. Njia hiyo inataka mtu anayejua usiku wake utaishia wapi, na mlevi hajui. Wiki zile ndizo nilizokunywa kidogo kuliko zote.

Dawa zilirudi kwa sista, na mimi nikarudia kidonge cha kila siku. Nikienda kuchukua, maswali yake ni mawili.

“Ulikunywa?”

“Nilikunywa, sista.”

“Ulimeza?”

“Nilimeza.”

Ndipo anafungua kabati.