Iliki za baba

Nimekulia Usambara Mashariki, huko juu ya Muheza, na ada yangu ya shule ililipwa na iliki. Kila nikisikia watu wakizungumzia uharibifu wa misitu, mkosaji ni mgeni mwenye msumeno. Kwetu alikuwa baba, na alichokuwa nacho ni panga tu.

Iliki haipendi jua kali. Kwa hiyo mkulima haangushi msitu: anafyeka vya chini, vichaka na miche, anaiacha miti mikubwa itie kivuli. Ukipita barabarani unaona msitu umesimama. Lakini ingia ndani. Matunda ya iliki hutokea chini kabisa ya shina, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo, na sisi watoto tulichuma tumeinama, tunda moja moja, vidole vikinukia mpaka usiku. Miaka yote ile sikujiuliza mbona hakuna hata mche mmoja wa mtambara, mti mkubwa wa asili wa msitu ule, unaofika magotini. Mti mkubwa ukiangushwa na upepo, haukuwa na wa kuurithi. Pengo lilichukuliwa na mhesi, mti ulioletwa enzi za Wajerumani, ambao mbegu zake husambazwa na ndege, hondohondo.

Baada ya miaka kadhaa iliki huchoka. Hapo sasa ndipo miti mikubwa nayo huangushwa, ipandwe mihogo, mahindi, miwa. Rutuba ya msitu ule iko juu juu, kwenye majani yanayooza. Chini yake ni udongo mwekundu ambao mvua imeshaufua karne na karne. Mahindi yetu ya pili yalitoka mafupi, ya manjano. Baba akahamia juu zaidi mlimani.

Si wakulima peke yao, nalisema hili kwa uchungu. Mashamba makubwa ya chai yaliumega mlima kabla yetu, na miaka ya 1970 na 1980 magogo yalishushwa kwa malori.

Siku hizi naishi Tanga mjini. Maji tunayokunywa ni ya Mto Sigi, unaotoka milima hiyo hiyo na kuingia bwawa la Mabayani. Mvua ikinyesha sana huko juu, nikauona mto umekuwa mwekundu, najua hilo ni shamba la mtu linapita.

Amani ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na Derema, ushoroba unaoiunganisha na misitu ya kaskazini, ikawa hifadhi ya msitu mwaka 2010. Iliki za mzee zilihesabiwa shina kwa shina. Fidia ilichelewa, na ilimuuma sana. Hata hivyo hakurudi kufyeka.

Mwaka jana tulipita kwenye njia inayokatiza pale lilipokuwa shamba. Iliki bado zimo, zinajiotea zenyewe. Katikati yake nilihesabu miche mitatu ya mtambara. Ya mhesi sikuihesabu, ilikuwa mingi mno.