Miayo ya Ben

Jumamosi usiku, sebuleni kwetu Sinza, mimi na dada yangu tuliitazama Burning, filamu ya mwaka 2018 ya Lee Chang-dong wa Korea Kusini, na adhana ya alfajiri ilitukuta bado tunabishana.

Dada anashikilia kuwa Ben, tajiri anayedai kuchoma vitalu nyumba vilivyotelekezwa, ndiye aliyemuua Haemi, msichana anayetoweka katikati ya filamu, kwa sababu saa ya mkononi ya Haemi, ya rangi ya waridi, imo katika droo ya bafuni kwa Ben, na paka aliyeko huko anaitika jina la paka wa Haemi. Nakubali kwamba Steven Yeun, anayeigiza Ben, amewapita wenzake, maana ule mwayo anaougeuza kuwa tabasamu wakati Haemi anacheza mbele ya marafiki wa Ben unatisha kuliko kisu. Lakini mwayo si ushahidi.

Yoo Ah-in, anayeigiza Jongsu, kijana anayemtafuta Haemi, dada alimwita gogo. Mimi naona uzito ule wa mdomo ulioachama ndio kazi yenyewe: ni kijana anayetaka kuandika riwaya na hana la kuandika.

Hapo ndipo ninapoutilia shaka mwisho. Kabla Jongsu hajamchoma Ben kisu na kumteketeza pamoja na gari lake, tunamwona Jongsu chumbani kwa Haemi akiandika kwenye kompyuta, kisha inafuata picha ya Ben akimpamba msichana mwingine, mahali ambapo Jongsu hayupo. Nani anayetazama, kama si mwandishi anayebuni?

“Kwa hiyo, mdogo wangu,” dada akauliza, “na gari lile limeungulia ndani ya kompyuta?”