Samoni wa huku si mmoja

Kwetu Mwanza, mtoto akikuchanganyia sato na ngege pale mwaloni, utamshangaa. Lakini nilipohamia Renton, jimbo la Washington, kila samaki mwenye mnofu wa rangi ya chungwa nilimwita samoni, basi. Kumbe bahari ya huku ina samoni wa aina tano, na sheria ya uvuvi haiwahesabu kuwa kitu kimoja. Ukimchukua asiyeruhusiwa, faini inakuhusu.

Mzee mmoja ninayevua naye alinifundisha kuanza na kinywa. Mpanue, tazama ufizi. Ukiwa mweusi mpaka kwenye mashina ya meno, huyo ni chinuki, mkubwa kuliko wenzake wote, na madoa yake yameenea mkia mzima. Ukiwa mweupe pale meno yanapoota, na madoa yako nusu ya juu tu ya mkia, ni koho. Pinki ana madoa makubwa ya umbo la yai, na huku hujaa miaka isiyogawanyika kwa mbili, kama 2023 na 2025, kwa kuwa maisha yake yote ni miaka miwili. Sokai na chamu hawana madoa meusi, ila wakishaingia mtoni hutawakosea: chamu hupata michirizi ya zambarau ubavuni, sokai huwa mwekundu mwili mzima, kichwa kijani.

Sokai ndiye aliyenishika moyo. Maktaba yetu imejengwa juu ya mto Cedar, na ikifika Oktoba unawaona chini yako. Jike hulala ubavu, akapigapiga mkia kwenye kokoto hadi zifanye shimo, akataga, dume akayarutubisha mayai, kisha jike akayafukia. Tangu aingie maji baridi hajala kitu. Ngozi inambanduka, na baada ya siku chache anakufa. Ningu wetu wa Ziwa Victoria pia hupanda mito wakati wa mvua kutaga, lakini yeye hurudi ziwani.

Vifaranga huteremka hadi Ziwa Washington, wakakaa kama mwaka mmoja, ndipo wanapita malango ya maji ya Ballard, mjini Seattle, kwenda baharini. Wengi hurudi wakiwa na miaka minne, wakiufuata mto wao kwa harufu.

Nilimpigia mama kwa video, nikamwonyesha jike aliyekufa ukingoni. Akauliza, "Na watoto kamwachia nani?" Nikaigeuza kamera kwenye zile kokoto, nikamwambia wamo humo chini, watatoka baada ya miezi kadhaa.